Bastola ya Nyumbani na Daftari Lake

Tarehe 8 Aprili 2021, Rais Uhuru Kenyatta alifungua kiwanda cha silaha ndogo huko Ruiru, Kaunti ya Kiambu. Kiwanda kiligharimu takriban shilingi bilioni 4, na uwezo wake ulitangazwa kuwa bunduki 12,000 kwa mwaka. Hoja zilizotolewa siku ile zilikuwa za gharama na kujitegemea: Kenya ipunguze kununua ng'ambo kile inachoweza kuunda yenyewe. Bunduki za vita ndizo zilizotangulizwa. Nchi iliyofika hapo hukabiliwa mapema au baadaye na swali la bastola ya kazi, ile silaha fupi anayoivaa kiunoni ofisa wa polisi au wa jeshi kila siku, na anayotarajiwa kutoitumia kwa miaka mingi. Makala hii inaeleza mambo ambayo bastola ya namna hiyo huyahitaji kabla haijaundwa nyumbani. Inaeleza pia kwa nini, kwa mkaazi wa Diani, Msambweni au Kinango katika Kwale, faida yake kubwa si ya bei. Faida hiyo imo katika daftari.

Pwani ya kusini ina sababu yake ya kulitazama jambo hili kwa makini. Usiku wa tarehe 13 Agosti 1997, wavamizi waliingia kituo cha polisi cha Likoni. Waliua askari polisi 6, wakachukua zaidi ya bunduki 40 pamoja na risasi, wakateketeza majengo. Wengi wao walikuwa wamekusanywa na kufunzwa katika misitu ya Kwale, na jina la mmojawapo, Kaya Bombo, likabaki kwenye kumbukumbu za taifa kwa sababu hiyo. Katika majuma yaliyofuata ghasia zilisambaa kusini mwa kivuko cha Likoni. Zaidi ya watu 100 waliuawa, maelfu kwa maelfu wakahama makwao, na hoteli za Diani zikabaki tupu. Tume ya Jaji Akiwumi, iliyoteuliwa mwaka 1998, ilichunguza yaliyotokea, na ripoti yake ikatolewa hadharani mwaka 2002.

Katika mkasa huo kuna jambo moja linalohusu silaha zenyewe. Kundi lililoanza na mapanga, mishale na bunduki chache liligeuka tishio kubwa zaidi baada ya kuipata ghala ya serikali. Bunduki zilizoibwa zilikuwa mali ya umma, zimelipiwa na kodi. Thamani ya silaha ya serikali kwa raia hutegemea kwanza kama serikali inajua iko wapi, iko kwa nani, na imetumika vipi.

Suala la nani anaunda silaha na nani anairuhusu ipite bandarini ni la zamani katika ufuo huu. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ulizuia biashara ya bunduki katika sehemu ya Afrika iliyo kati ya latitudo ya 20 kaskazini na ya 22 kusini, na pwani yote ya Mrima ikiwamo. Miaka mitano baadaye, Mbaruk bin Rashid al-Mazrui wa Gazi aliingia vitani na Waingereza. Ngome yake ya Mwele ilitekwa Agosti 1895, na Aprili 1896 alivuka mpaka akajisalimisha kwa Wajerumani. Sababu za kushindwa kwake zilikuwa nyingi, lakini mojawapo ilikuwa wazi: bunduki na baruti alizozitegemea ziliundwa mbali, na zilihitaji kupita katika bandari ambazo adui yake alikuwa amekwisha kuzishika. Tangu hapo, kuunda silaha nyumbani limekuwa suala la mamlaka kabla halijawa suala la viwanda.

Tuanze na viwanda hata hivyo, kwa sababu huko ndiko ahadi nyingi hukwama.

Bastola ya kisasa ya polisi hutumia kwa kawaida risasi ya milimita 9, iliyobuniwa na Georg Luger mwanzoni mwa karne ya 20. Kichwa cha risasi hiyo kina uzito wa gramu 8 hivi, na hutoka mtutuni kwa mwendo wa takriban mita 350 kwa sekunde. Fataki iliyo kitakoni mwa ganda ikigongwa, baruti huungua na gesi hujaa ndani ya chemba, yaani chumba cha nyuma ya mtutu ambamo risasi hukaa. Shinikizo hilo laweza kukaribia baa 2,350. Tairi la matatu la Ukunda hubeba baa tatu au nne. Mtutu na chemba hustahimili nguvu hiyo kila mara kifyatulio kinapovutwa, mara maelfu kwa maelfu, huku mkono wa mtu ukiwa sentimita chache tu nyuma yake.

Ndiyo sababu bastola nyingi za milimita 9 zina mfumo wa kufungamana. Sehemu ya juu, ambayo hapa tutaiita kitelezi kwa kuwa huteleza mbele na nyuma juu ya fremu, hushikamana na mtutu wakati risasi inapofyatuka. Viwili hivyo hurudi nyuma pamoja kwa milimita chache. Kichwa cha risasi kikishatoka na shinikizo kushuka, mtutu huinama na kuachana na kitelezi. Hapo kitelezi huendelea peke yake, hulitoa ganda tupu, hukandamiza springi, kisha hurudi mbele kikibeba risasi mpya kutoka magazini. Kazi hiyo yote huisha kwa sehemu ndogo ya sekunde. Nyuso zinazofungamana zikikosewa kwa sehemu chache za kumi za milimita, silaha huweza kukwama, au kufunguka kabla ya wakati na kumjeruhi aliyeishika.

Kenya inajua kwa uchungu tofauti kati ya silaha inayofyatuka na silaha ya kutegemewa. Miaka ya 1950, wapiganaji wa Mau Mau waliunda bunduki msituni kwa mabomba ya maji, komeo za milango na vipande vya mpira wa tairi vilivyochukua nafasi ya springi. Ulikuwa ufundi wa kustahiwa, wa watu waliokuwa na tupa, msumeno na haja kubwa. Lakini bomba la maji halikutengenezwa kwa ajili ya baruti, na baadhi ya bunduki hizo zilipasuka mikononi mwa wenyewe. Akili na mikono havikukosekana. Kilichokosekana ni chuma chenye tabia inayojulikana, na njia ya kuithibitisha tabia hiyo kabla ya kukikabidhi kwa mtumiaji.

Mtutu ndio moyo wa tatizo hilo. Hutengenezwa kwa chuma cha pua kilichochanganywa na kiasi kidogo cha metali kama kromi na molibdeni, kisha hupashwa moto na kupozwa kwa vipimo maalumu ili kiwe kigumu bila kuwa chepesi kuvunjika. Ndani yake hupitishwa mifereji inayozunguka, ambayo huizungusha risasi ili iende moja kwa moja. Mifereji hiyo huweza kukatwa mmoja mmoja, au kutengenezwa kwa kusukuma chombo kigumu ndani ya tundu, au kwa kuugonga mtutu kwa nyundo za mashine ukiwa umezunguka mhimili wenye umbo la mifereji. Fundi hodari wa jua kali anaweza kukereza kipande cha chuma mpaka kikafanana na mtutu. Kiwanda hutakiwa kukereza vipande elfu kumi vinavyolingana, kiasi kwamba mtutu wa bastola moja waweza kutiwa kwenye nyingine bila kupigwa tupa. Kufika hapo kunahitaji mashine nzuri, na kunahitaji zaidi vipimo vya kukagulia, wakaguzi wenye mamlaka ya kukataa kazi mbovu, na wakubwa wasiowalazimisha kuipitisha.

Kwale imepata somo lake kuhusu mahali thamani ya madini inapozaliwa. Kuanzia mwishoni mwa mwaka 2013 hadi Desemba 2024, mgodi wa Base Titanium ulichimba mchanga wa rutile, ilmenite na zircon, na shehena zikasafirishwa kupitia Likoni kwenda viwanda vya ng'ambo. Mgodi ulileta ajira na mrabaha, lakini hatua zenye faida kubwa zaidi za kuugeuza mchanga huo kuwa rangi au metali zilifanyika kwingine. Bastola iko hivyo hivyo. Chuma chake kibichi ni sehemu ndogo sana ya bei yake. Kinacholipiwa ni uchanganyaji wa metali, upashaji moto, ukerezaji na ukaguzi. Nchi ikiagiza mitutu, springi na vifyatulio vilivyokamilika, kisha ikaviunganisha na kugonga nembo yake, imepata karakana ya kuunganisha. Hiyo ni hatua halali ya mwanzo, mradi pawe na ratiba inayojulikana ya kuhamisha hatua zilizobaki.

Risasi ndizo huja kwanza, na hapo Afrika Mashariki ilifuata utaratibu wenye busara. Tanzania ilianzisha Shirika la Mzinga, Morogoro, mwaka 1974. Uganda ina Luwero Industries huko Nakasongola. Kenya ilijenga kiwanda chake cha risasi Eldoret kwa mitambo ya FN Herstal ya Ubelgiji, na shirika la kukisimamia likaundwa kisheria mwaka 1997. Uwezo wake ulitajwa kuwa risasi milioni 20 kwa mwaka. Bastola hununuliwa mara moja na hudumu miongo. Risasi huliwa kila siku ya mazoezi. Polisi asiyekuwa na risasi za kutosha za kufanyia mazoezi ni hatari kwa wapita njia hata akipewa bastola bora duniani. Nchi iliyoanza na risasi imeanza mahali ambapo kuna mahitaji ya kudumu, na pia mahali ambapo mafundi hujifunza kupima kwa usahihi, kwa sababu ganda la risasi halisamehe uzembe.

Kwa hatua inayofuata, mfano wa kusaidia zaidi unatoka katika taifa lililokuwa changa karne moja iliyopita. Czechoslovakia ilizaliwa tarehe 28 Oktoba 1918 kutoka kwenye magofu ya himaya ya Austria na Hungaria. Ilirithi mafundi na viwanda, lakini jeshi lake lilikuwa na mkusanyiko wa bastola za kila namna, zenye risasi zisizolingana na vipuri visivyopatikana. Serikali iliamua kuunda yake. Josef Nickl, mbunifu wa kampuni ya Mauser ya Ujerumani, ndiye aliyeleta ramani ya bastola iliyoitwa vz. 22, yaani mtindo wa 1922. Utengenezaji ulianzia Brno, ukahamishiwa Strakonice, na toleo lililorekebishwa likaitwa vz. 24.

Bastola hizo zilifanya kazi, lakini zilibeba mzigo usio na lazima. Mtutu wake ulizunguka ili kufungamana na kitelezi, mfumo unaohitaji ukerezaji wa makini na wa gharama, ilhali risasi fupi iliyochaguliwa ilikuwa na nguvu ndogo isiyohitaji kufungamana kokote. Uzito wa kitelezi na nguvu ya springi vingetosha. Mbunifu František Myška aliliona hilo. Katika bastola ya vz. 27, iliyolengwa zaidi kwa polisi na walinzi, aliuondoa mfumo wote wa kuzunguka. Matokeo yake yalikuwa silaha rahisi zaidi kuunda, kukagua na kutunza, kwa kazi ile ile.

Hatua za nchi hiyo zinaonyesha utaratibu ambao taifa changa laweza kuufuata. Walikubali kuazima ubunifu wa mgeni ili kuanza. Walitenga kiwanda cha bastola na kiwanda cha bunduki, ili kazi moja isiinyonge nyingine. Kisha wenyeji waliokuwa wameiunda silaha kwa miaka kadhaa wakapata ujuzi wa kuona kilichozidi na ujasiri wa kukitoa. Ubunifu wa kweli wa nyumbani ulikuja mwisho, kama tunda la uzalishaji. Karibu nusu karne baadaye, mwaka 1975, viwanda vya nchi hiyo hiyo vilitoa CZ 75 ya František Koucký, mojawapo ya bastola zilizonakiliwa zaidi duniani. Msomaji yeyote wa habari za polisi nchini Kenya analijua jina Ceska, ambalo bastola za viwanda hivyo huitwa. Linatokana na uamuzi uliofanywa na taifa lenye umri wa miaka michache tu, ambalo liliufanyia kazi kwa miongo kadhaa.

Hesabu ya soko nayo haikwepeki. Polisi wa Kenya ni takriban 100,000. Hata tukijaalia kwamba kila mmoja anapewa bastola, na kwamba kila bastola inadumu miaka 25, mahitaji ya kubadilisha zilizochakaa ni 4,000 kwa mwaka. Kiwango hicho ni kidogo kwa kiwanda kinachoshindana kwa bei na makampuni yanayotoa mamia ya maelfu. Hivyo bastola ya Kenya, katika miaka yake ya mwanzo, yaelekea itakuwa ghali kuliko ya kuagizwa. Njia za kupunguza gharama zipo: kutumia mashine zile zile kwa bunduki na bastola, kuuza kwa majirani chini ya masharti makali, na kutumia ujuzi wa ukerezaji katika vipuri vya hospitali, vya meli na vya viwanda vya sukari. Ni afadhali wananchi waambiwe mapema kwamba wanalipia uwezo, ili wauangalie uwezo huo unavyokua, kuliko waahidiwe akiba ambayo hesabu haiionyeshi.

Mazingira yetu pia yawekwe kwenye masharti ya ubora tangu siku ya kwanza. Upepo wa Diani hubeba chumvi, na chumvi pamoja na jasho la kiunoni hula chuma haraka. Rangi nyeusi ya kizamani ya bastola ni tabaka jembamba la oksidi ya chuma, ambalo hulinda tu likiwa limepakwa mafuta mara kwa mara. Mbinu mpya za kuingiza naitrojeni kwenye uso wa chuma hustahimili zaidi. Fremu za plastiki ngumu haziingii kutu kabisa: jeshi la Austria lilikubali bastola ya namna hiyo mwaka 1982 kutoka kwa Gaston Glock, mtu ambaye hakuwahi kuunda bastola kabla ya hapo, lakini alikuwa amekwisha kuijua plastiki kwa kazi zake za awali. Viwanda vya plastiki tunavyo. Silaha inayokusudiwa kutumika kutoka Turkana hadi Vanga ijaribiwe Vanga, katika msimu wa mvua, kabla haijaidhinishwa.

Sasa tufike kwenye daftari, ambalo ndilo jambo kubwa kuliko yote.

Kila mtutu huacha alama zake kwenye kichwa cha risasi kinachopita ndani yake, na pini ya kugonga huacha alama kwenye fataki. Wataalamu wa balistiki, yaani elimu ya mwendo na alama za risasi, hulinganisha alama hizo kwa hadubini ili kujua risasi ilitoka katika silaha gani. Ulinganishaji huo huhitaji kitu cha kulinganisha nacho. Bastola iliyoagizwa kwa shehena na kugawiwa vituoni bila kupigwa majaribio haina kumbukumbu ya alama zake. Kiwanda cha nyumbani kinaweza kuijenga kumbukumbu hiyo kwa gharama ndogo, kwa sababu kila bastola lazima ifyatuliwe kiwandani hata hivyo. Viwango vya kimataifa vya uthibitisho hutaka bastola ijaribiwe kwa risasi yenye shinikizo lililozidi la kawaida kwa asilimia 30. Baada ya jaribio hilo, risasi mbili za kawaida zifyatuliwe, vichwa na maganda yake vihifadhiwe, na namba ya silaha iandikwe. Tangu siku hiyo, bastola ina shahidi wake.

Wajibu wa kisheria upo tayari. Itifaki ya Nairobi kuhusu silaha ndogo, iliyotiwa saini tarehe 21 Aprili 2004 na kuanza kutumika mwaka 2006, inazitaka nchi wanachama ziweke alama kwenye kila silaha wakati wa kuundwa na zitunze kumbukumbu zake. Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya 2011 inaweka masharti ya matumizi ya nguvu na silaha, na mwaka huo huo iliundwa kwa sheria mamlaka huru ya kuangalia utendaji wa polisi, IPOA. Kinachokosekana mara nyingi ni kiungo cha kimwili kati ya sheria hizo na kipande cha risasi kilichookotwa kando ya barabara. Mwananchi akipigwa risasi Ukunda, jamaa zake wana haki ya kujua kama silaha ilikuwa ya serikali, ilitolewa kwa nani asubuhi ile, na ilirudishwa ikiwa na risasi ngapi. Kumbukumbu hizo humlinda vilevile ofisa asiye na hatia, ambaye leo hana njia rahisi ya kuthibitisha kwamba bastola yake haikufyatuliwa.

Kumbukumbu hizo zina sharti moja: zitunzwe na chombo ambacho si kiwanda wala si kituo cha polisi. Anayeunda silaha ana sababu ya kuficha kasoro, na anayeitumia ana sababu ya kuficha matumizi. Nakala ya tatu, mikononi mwa mamlaka yenye uhuru wa kuisoma bila kuomba ruhusa, ndiyo inayozipa nakala mbili za kwanza uaminifu. Ghala nazo zikaguliwe kwa namba, silaha moja moja. Kituo chenye silaha 40 kwenye karatasi hakijakaguliwa mpaka namba 40 zimesomwa kwenye chuma.

Wabunge na wawakilishi wa pwani ya kusini watakapoulizwa waidhinishe fedha za bastola ya Kenya, wanayo maswali ya kuuliza. Ni hatua ngapi za utengenezaji zinafanyika nchini, na ni zipi zitahamia nchini mwaka upi? Nani ana mamlaka ya kukataa mtutu mbovu, na je, amewahi kukataa? Vichwa vya risasi vya majaribio vinahifadhiwa wapi, na nani mwingine ana ufunguo? Majibu ya kuridhisha yatastahili fedha hizo hata kama kila bastola itagharimu zaidi ya ile ya kuagizwa, kwa sababu nchi itakuwa imenunua ufundi na uwajibikaji kwa mkupuo mmoja. Majibu yakikosekana, tutakuwa na silaha yenye nembo yetu ambayo hatuwezi kuitolea hesabu, na Kwale imekwisha kulipa gharama ya silaha za namna hiyo.